Hojaji 150 na hofu ya sura ya nne

Swali: Msomaji anayesomea shahada ya uzamili ya saikolojia ya ushauri nasaha mjini Kisumu anaeleza kwamba amekusanya hojaji 150 kutoka kwa wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule tano za kutwa. Hojaji hizo zinapima dalili za unyogovu kwa kipimo cha PHQ-9, pamoja na msaada ambao mwanafunzi anahisi anaupata kwa watu wake. Msimamizi wake ameirudisha sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo, na maneno mawili pembeni: "Chambua zaidi." Kijana mmoja wa saiba amejitolea kuimaliza kazi hiyo kwa siku mbili kwa malipo. "Mwalimu," anauliza, "mimi nilipata D ya hisabati. Nianzie wapi kujifunza mbinu za utafiti na takwimu, na je, nimpe yule kijana kazi?"

Jibu: Dada msomaji, nitaanza na yule kijana wa saiba kwa sababu jibu lake ni jepesi kuliko mengine: usimpe. Sisemi hivyo kwa kuwa kulipia msaada ni aibu, maana hata watafiti wenye majina makubwa hushirikiana na wanatakwimu na kuwataja waziwazi. Nasema hivyo kwanza kwa sababu siku ya kutetea tasnifu utaketi peke yako mbele ya jopo. Nimewahi kuwa upande wa watahini, nikamwuliza mwanafunzi ambaye majedwali yake yalipangwa vizuri kuliko yangu kwa nini alichagua kipimo kile na si kingine; alinyamaza, akafunua kurasa mbili tatu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ndivyo kompyuta ilivyotoa. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Ulichonacho ni taarifa za afya ya akili za watoto wa shule, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Wazazi waliotia sahihi, kamati ya maadili iliyokupitishia pendekezo, na NACOSTI, tume ya serikali iliyokupa kibali cha utafiti, hakuna kati yao aliyeambiwa kwamba taarifa hizo zitatembea mjini ndani ya flashi ya mtu asiyejulikana.

Kuhusu D ya hisabati, punguza hofu. Hesabu zilizomo katika sehemu kubwa ya takwimu za saikolojia ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili, na zote hizo simu yako inazijua. Kinachowashinda watu, wakiwemo waliopata A, ni kufikiri juu ya sadfa. Makundi mawili ya watu hata yakichukuliwa ovyo ni nadra kuwa na wastani ulio sawa kabisa. Kwa hiyo swali la mtafiti si kama tofauti ipo, bali ni kama tofauti hiyo inazidi ile ambayo sadfa peke yake ingeweza kuileta. Jambo hili haliingii kichwani kwa kusoma tu. Huingia kwa mikono, na ndiyo maana nakuomba uifunge kompyuta kwa jioni moja.

Kata vipande 20 vya karatasi. Chagua kwa nasibu wasichana 10 na wavulana 10 kutoka katika hojaji zako, uandike alama ya PHQ-9 ya kila mmoja kwenye kipande chake, bila jina, kisha utafute wastani wa kila kundi. Tuseme wasichana wana wastani wa 11 na wavulana wana 8, tofauti ikiwa 3. Sasa changanya vipande vyote kama mtu achanganyavyo karata, uvigawe 10 huku na 10 kule bila kujali vilikuwa vya nani, utafute tofauti mpya na kuiandika. Changanya tena. Ukifanya hivyo mara 100, utakuwa na orodha ya tofauti 100 ambazo haziwezi kuwa zimeletwa na jinsia, kwa maana jinsia umeshaifuta kwa kule kuchanganya. Zimeletwa na sadfa tupu. Hesabu ni ngapi kati yake zinafika 3 au kuizidi, kwa upande wowote. Zikiwa 4, umepata thamani ya p iliyo karibu na 0.04, na umeipata bila fomula hata moja. Vipimo vingi utakavyokutana navyo, kile cha t ambacho William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness alikichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student kikiwemo, vinauliza swali hilihili kwa njia ya mkato.

Ronald Fisher alilieleza wazo hilo mwaka 1935 kwa kisa cha mwanamke wa Uingereza aliyedai kwamba akionja chai anatambua kama kilichotangulia kikombeni ni maziwa au chai. (Kwetu sisi tunaochemsha maji, majani na maziwa katika sufuria moja, ubishi huo usingezuka.) Huandaliwa vikombe 8, vinne vya namna moja na vinne vya namna ya pili, na mwonjaji huambiwa avitambue vinne vilivyotanguliwa na maziwa. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe 4 kati ya 8, kwa hiyo anayebahatisha tu atavipatia vyote mara 1 kati ya 70, yaani 0.014. Ona kwamba nguvu ya jaribio hilo imo katika idadi ya vikombe na katika kuvipanga kwa nasibu kabla mtu hajaonja. Haimo katika hesabu za baadaye. Ndivyo ilivyo hata kwako: sehemu kubwa ya sura yako ya nne iliamuliwa ulipokuwa ukiandika sura ya tatu, ile ya mbinu.

Sasa shika maana ya p bila kuiongezea. Thamani ya p ya 0.04 haisemi kwamba nadharia tete yako, yaani dhana unayoijaribu, ina uwezekano wa asilimia 96 wa kuwa kweli, wala haisemi kwamba tofauti uliyoiona ni kubwa. Inasema tu kwamba kama kusingekuwa na tofauti yoyote katika umma mzima, yaani watu wote ambao sampuli yako inawawakilisha, matokeo ya kiasi hiki au kuzidi yangetokea mara 4 hivi kati ya 100. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kililazimika kutoa tamko mwaka 2016 kuyakanusha makosa hayohayo, kwa hiyo usijione mjinga ukiteleza. Na ule mpaka wa 0.05 unaotuogopesha sote ni mpaka ambao Fisher aliutaja mwaka 1925 kwa kuwa ulifaa kwa matumizi yake, kisha vizazi vilivyofuata vikaugeuza kuwa lango la kuingilia peponi.

Ukubwa wa tofauti huulizwa peke yake, na hapa ndipo mkengeuko sanifu unapokuwa rafiki yako. Kwa ufupi, huo ni kiasi ambacho alama za watu kwa kawaida huwa mbali na wastani. Chukua mfano wa jirani: mwaka 2016 Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichapisha utafiti uliofanyika Rarieda, kaunti ya Siaya, ambapo kaya zilizochaguliwa kwa nasibu zilipewa fedha bila masharti yoyote. Ustawi wa kisaikolojia wa waliopewa ulipanda kwa mkengeuko sanifu 0.26 kuliko wa wasiopewa. Je, hicho ni kiasi gani? Kama kipimo chako kina mkengeuko sanifu wa alama 5, basi 0.26 ni alama 1.3. Jacob Cohen alipendekeza 0.2 ihesabiwe kuwa tofauti ndogo, 0.5 ya kadiri na 0.8 kubwa, ingawa yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba viwango hivyo ni vya kutumiwa pale tu mtu anapokosa mizani bora zaidi. Kila unaposoma makala ya utafiti, tafuta namba hiyo kabla ya kutafuta p. Ukifanya hivyo kwa makala 10, utakuwa umejifunza zaidi ya muhula mzima wa kukariri.

Hilo linanileta kwenye zile hojaji zako 150, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo penye kasoro ambayo huenda msimamizi wako ameiona. Nadhani idadi hiyo uliipata kwa mojawapo ya njia zilizozoeleka vyuoni kwetu: asilimia fulani ya umma, fomula ya Yamane, au jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, lile ambalo kadiri umma unavyokua hukaribia 384 na kusimama hapo. Jedwali hilo si baya. Tatizo ni kwamba hujibu swali jingine. Lilikusudiwa kwa mtu anayetaka kukadiria asilimia ya watu wenye hali fulani, akikubali kukosea kwa pointi 5 juu au chini. Wewe unatafuta uhusiano kati ya vigeu viwili, yaani mambo mawili yanayobadilika kutoka mtu hadi mtu: msaada na unyogovu, na idadi inayohitajika hutegemea ukubwa wa uhusiano unaoutafuta. Uhusiano hupimwa kuanzia 0 (haupo) hadi 1 (kamili), na alama ya hasi huonyesha kwamba kimoja kikipanda kingine hushuka. Ukitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuugundua uhusiano wa 0.3, unahitaji watu wapatao 85. Ukitaka kuugundua ule wa 0.1, unahitaji karibu 780. Kwa kulinganisha makundi mawili, tofauti ya kadiri ya Cohen huhitaji watu 64 katika kila kundi, na ile ndogo huhitaji karibu 400 katika kila kundi. Kwa mizani hiyo, 150 yako si haba.

Lakini je, ni 150 kweli? Fikiria mtu anayetaka kujua ubora wa omena zilizoletwa sokoni. Akichota viganja 150 kutoka magunia 150, amejua mengi. Akichota viganja 30 kutoka kila gunia katika magunia matano, amejua sana kuhusu magunia matano na kidogo kuhusu soko, kwa sababu omena wa gunia moja walivuliwa pamoja na kuanikwa pamoja. Wanafunzi wako 30 wa shule moja wana mwalimu mkuu mmoja, mitihani ileile na minong'ono ileile. Kuna njia ya kuhesabu hasara hiyo: chukua idadi ya wanafunzi kwa kila shule, toa moja, zidisha kwa kiasi cha kufanana kwao (0 ikiwa hawafanani kuliko wengine, 1 ikiwa wako sawasawa), kisha ongeza moja. Kama kufanana huko ni 0.05 tu, ambacho ni kiasi kidogo, unapata 29 mara 0.05, yaani 1.45, na ukiongeza moja ni 2.45. Gawanya 150 kwa 2.45. Hojaji zako 150 zinabeba taarifa za watu wapatao 61 waliochaguliwa mmoja mmoja.

Usikate tamaa, ni kasoro ya kuelezwa, si ya kufichwa. Kwa shule tano tu, mbinu nzito za ngazi nyingi, zinazochambua wanafunzi na shule zao kwa pamoja, hazitasimama imara, lakini unaweza kuiingiza shule kama kigeu katika regresheni yako, yaani hesabu inayokadiria unyogovu kutokana na msaada, ili kila mwanafunzi alinganishwe na wenzake wa shule yake, kisha uandike wazi katika sura ya tano kwamba matokeo yako hayawezi kusambazwa kwa shule zote za Kisumu. Utafiti wa dawa za minyoo wa Busia, ambao Edward Miguel na Michael Kremer waliuchapisha mwaka 2004, uligawa shule 75 katika makundi matatu badala ya kumgawa mtoto mmoja mmoja, na hesabu zake ilibidi zijue hivyo. Mwaka 2015 watafiti wengine waliopewa data ileile waliichambua upya na kukuta makosa kadhaa ya ukokotoaji. Baadhi ya matokeo yalibaki, mengine yakadhoofika, na ubishi ukawa mrefu. Nakutajia kisa hicho kwa sababu moja ya kiutendaji: Miguel na Kremer walikuwa wameihifadhi data na hatua zao za hesabu kwa namna ambayo mwingine angeweza kuzirudia. Nawe fanya hivyo.

Kabla ya kipimo chochote cha takwimu, hata hivyo, kipo kipimo chenyewe. PHQ-9 ina maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita, kila moja likipata alama 0 hadi 3, na jumla ikiwa 0 hadi 27. Uhalali wake umechunguzwa huku kwetu magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, lakini waliochunguzwa walikuwa watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Ushahidi huo ni nguzo nzuri ila hauwabebi moja kwa moja watoto wa kidato cha tatu. Je, uliwauliza kwa Kiingereza, Kiswahili au Dholuo? Kama ni tafsiri, je, mtu wa pili aliirudisha katika lugha ya asili bila kuiona ya kwanza? Kijana wa Kondele akisema "nina mawazo" anaweza kuwa anakutajia unyogovu, wasiwasi au karo ambayo haijalipwa, na swali linalotenganisha mambo hayo katika Kiingereza huenda lisiyatenganishe katika lugha yake. Alfa ya Cronbach, kipimo cha uthabiti wa maswali, hata ikiwa 0.80 haitakuokoa hapo. Alfa inaonyesha kwamba maswali yako yanakwenda pamoja, nayo hupanda kadiri unavyoongeza maswali. Haionyeshi yanakwenda wapi.

Na swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kama bado hujafanya hivyo, leo, kabla ya takwimu yoyote, pitia hojaji zote 150, na kila mwanafunzi aliyejibu zaidi ya sifuri afuatiliwe kupitia utaratibu ulioandika katika pendekezo lako. Mtafiti hapaswi kuligundua jibu hilo miezi miwili baadaye akiwa anaingiza namba kwenye kompyuta.

Sasa turudi kwa maneno ya msimamizi. "Chambua zaidi" haina maana ya "ongeza vipimo". Hapa ndipo wengi huangukia: hulinganisha wasichana na wavulana, kisha wa mjini na wa mashambani, kisha wenye wazazi wawili na wenye mmoja, hadi kitu kiwe chini ya 0.05. Ukifanya vipimo 20 visivyotegemeana mahali ambapo hakuna chochote, uwezekano wa angalau kimoja kukudanganya ni asilimia 64. Ni kama kuvua ziwani kwa chandarua cha mbu: hutakosa kitu, ila unachotoa si samaki wa kupeleka sokoni. Mwaka 2011 Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha ubaya huo kwa kejeli, wakatumia hila za kawaida za uchambuzi hadi "wakathibitisha" kwamba kusikiliza wimbo fulani kuliwapunguzia watu umri halisi kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti liliporudia tafiti 100 za saikolojia, ambazo asilimia 97 zilikuwa zimedai matokeo yenye maana kitakwimu, ni asilimia 36 tu za marudio zilizoyapata tena. Fani yetu bado inauguza kidonda hicho.

Kuchambua zaidi, kwako wewe, ni kukaa na swali lako moja. Chora kwanza grafu ya nukta, msaada ukiwa chini na unyogovu pembeni, uitazame kwa dakika kumi nzima: je, mstari umenyooka, au wanafunzi watatu walio pembeni kabisa ndio wanaouvuta? Ukipata uhusiano wa hasi 0.30, uzidishe kwa wenyewe uone kwamba vigeu hivyo vinashiriki asilimia 9 tu ya tofauti zao, kisha ueleze asilimia 91 iliyobaki inaweza kuwa nini. Uliza pia mshale unaelekea wapi, kwa maana mtoto anayekosa msaada anaweza kushikwa na unyogovu, lakini mtoto aliyeshikwa na unyogovu naye hujitenga na kuhisi hana mtu. Hojaji ya siku moja haiwezi kuamua kati ya hayo mawili, na ukiandika "husababisha" mtahini atakushika hapo.

Kwa kuwa wewe ni mshauri nasaha, nakuongezea jambo moja nje ya tasnifu. Ukiwachagua wanafunzi wenye alama za juu kabisa, ukawashauri kwa majuma sita na kuwapima tena, wengi watakuwa wameshuka hata kama ushauri wako haukuwafaa kitu, kwa sababu baadhi yao walipimwa siku yao mbaya. Francis Galton aliliona jambo hili mwaka 1886 katika urefu wa wazazi na watoto. Bila kundi la kulinganisha, hutajua kipi ni chako na kipi ni cha siku.

Programu nimeiacha mwisho kwa makusudi. SPSS ni ghali na nakala nyingi zinazozunguka mijini kwetu hazina leseni. Tumia jamovi au JASP, ambazo ni za bure, hufanya kazi bila intaneti zikishasakinishwa, na mtu aliyezoea kutumia lahajedwali huzishika kwa siku chache. Ukipata muda baadaye, nenda kwenye R, programu ya takwimu inayoendeshwa kwa kuandika amri. Katika jedwali lako weka mstari mmoja kwa kila mwanafunzi, safu moja kwa kila swali, namba badala ya majina, na nakala ya awali isiyoguswa kamwe. Tafuta wenzako wawili au watatu mkutane kila Jumamosi kama chama, kila mmoja akiwaeleza wengine jedwali moja la makala aliyoisoma, kwa Kiswahili au Dholuo, bila kutumia neno ambalo hawezi kulifafanua.

Juma hili fanya zoezi la vipande vya karatasi, kisha umwandikie msimamizi ukurasa mmoja wenye swali lako kuu, grafu yake, regresheni moja iliyomo shule, na aya moja kuhusu zile shule tano, umwulize kama hicho ndicho alichomaanisha. Ukikwama kwenye safu ya shule niandikie tena, uambatishe jedwali lisilo na majina ya wanafunzi wala ya shule zao.